Laptopu Nyeupe ya Kibokoni

Hadi mwaka 2009, nyaya za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa kupitia chini ya bahari, intaneti ya mji wetu ilitoka kwenye satelaiti, na ilikuwa ghali na nzito. Aliyetaka kucheza mchezo wa kompyuta na mwenzake hakuwa na budi kuketi naye chumba kimoja. Chumba chetu kilikuwa Kibokoni, Mji wa Kale, chini ya nyumba ya mawe yenye kuta nene za matumbawe na chokaa. Mchana ilikuwa saiba kama saiba nyingine: watu wakija kusoma barua pepe za jamaa zao wa Muscat na Dubai, kupiga chapa maombi ya kazi, kutoa nakala za vitambulisho. Baada ya sala ya Isha, mwenye saiba, ambaye sote wakubwa kwa wadogo tulimwita Kaka, aliteremsha pazia la chuma nusu, akazima mashine ya nakala, na kompyuta zikawa zetu.

Mitaa mingine vijana walipenda mchezo wa mpira na wa mbio za magari. Kibokoni ilikuwa michezo ya mkakati: Age of Empires II, Red Alert 2, na kwa wenye subira Rise of Nations. Katika Age of Empires kila mmoja aliwania kuwa Saracens, kwa sababu watu wao hujibu amri kwa Kiarabu na Salahuddin ana kampeni yake humo. Ilikuwepo pia sababu nyingine, na watoto wa wenye maduka waliigundua mapema: Saracens wakiuza na kununua sokoni hukatwa asilimia 5 tu, ada ndogo kuliko taifa jingine lolote. Katika Red Alert 2 tuligombania Libya, nchi pekee ya Afrika iliyokuwamo. Nje, barazani, wazee walicheza bao kwenye mwanga wa taa ya mlangoni. Ndani, vijana walipiga kelele juu ya mbao na dhahabu ambazo hazikuwapo duniani. Kwangu mimi hapakuwa na mahali bora zaidi mjini.

Mwaka 2007 ami yangu alikuja likizo kutoka Muscat na MacBook nyeupe ya plastiki, ya toleo lile la kwanza lililotoka Mei 2006. Nilikuwa karibu kuanza chuo.

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba, mwanangu. Chukua, hii ni ya kusomea. Umesikia? Ya kusomea.”

Nilisomea, na kazi nyingi za chuo zilitoka humo. Lakini jioni ileile niliipeleka saiba, kwani kompyuta za Kaka hazikututosha na mwenye mashine yake hakusubiri zamu. Kaka aliigeuza, akalitazama lile tofaa mgongoni, akanirudishia taratibu.

“Mdogo wangu, hii ni Mac. Michezo yetu ni ya Windows. Utakaa utazame.”

Alisema kweli kwa jinsi mambo yalivyokuwa. Mchezo wa kompyuta hauzungumzi moja kwa moja na kioo wala spika. Huomba kazi hizo kwa mfumo endeshi. Michezo yetu iliandikwa iombe kwa DirectX, ambayo ni ya Microsoft na haipo kwenye Mac. Kampuni chache zilifanya kazi ya kuiandika upya baadhi ya michezo kwa ajili ya Mac. MacSoft ilitoa Age of Empires II ya Mac mwaka 2001. Sidii hiyo sikuwahi kuiona duka lolote la Mombasa, na Red Alert 2 haikuandikiwa Mac kabisa. Waliotengeneza StarCraft na Warcraft III waliiandikia Mac michezo yote miwili, na kwa hilo nawaheshimu mpaka leo.

Mlango ulikuwa umefunguliwa kwingine. Januari 2006 Apple ilianza kuuza kompyuta zenye vichakataji vya Intel, aina ileile iliyokuwa ndani ya mashine za Kaka. Aprili mwaka huohuo ikatoa Boot Camp, kwa majaribio kwanza, kisha kama sehemu kamili ya mfumo wake wa Leopard mnamo Oktoba 2007. Boot Camp haiigi Windows. Huigawa diski sehemu mbili, ikakutengenezea sidii yenye programu za kuendeshea kadi ya picha, sauti na Wi-Fi, kisha inakuachia uweke Windows yako mwenyewe kwenye sehemu ya pili. Sharti moja lilitusumbua mtaa mzima: ilitaka sidii ya Windows XP ambayo tayari ina Service Pack 2 ndani yake. Zilizozagaa mjini zilikuwa za XP ya mwanzo, ya mwaka 2001, na Boot Camp haikuzikubali. Hatimaye rafiki wa binamu yangu, fundi wa kompyuta bandarini Kilindini, alitupatia iliyofaa.

Kulikuwa na uamuzi wa kufanya katikati ya kazi, nao ni aina ya mpangilio wa diski. Ukichagua NTFS, upande wa Mac utaweza kusoma faili za Windows bila kuandika chochote. Ukichagua FAT32, pande zote mbili husoma na kuandika, ila sehemu hiyo isizidi GB 32. Nilichagua FAT32, na baadaye mtaona kwa nini nilishukuru. Tangu hapo kila nikiiwasha, ile sauti yake ya kuamka ikilia, nilishikilia kitufe cha Option, diski mbili zikajitokeza kwenye kioo, nikachagua ya kulia, na Mac ikawa Windows. Padi yake ya kugusa ilikuwa na kitufe kimoja, na jeshi halitembei bila kitufe cha kulia cha kipanya, kwa hiyo nilinunua kipanya cha vitufe viwili Barabara ya Digo. Red Alert 2 ilidai zaidi: kwenye mtandao wa chumbani ilitumia IPX, itifaki ya zamani ambayo XP ilikuwa nayo bado ila sharti uiongeze kwa mkono. Windows Vista iliiondoa. Ndiyo maana saiba yetu iliendelea na XP miaka mingi baada ya wengine kuhama.

Usiku nilioingia mezani na laptopu nyeupe, kebo ya mtandao ikiwa imechomekwa kwenye swichi ya Kaka, jina langu lilitokea kwenye orodha ya wachezaji na chumba kizima kikageuka kunitazama. Kadi yake ya picha, Intel GMA 950, ilikuwa dhaifu kwa michezo mipya. Age of Empires III ilikwenda kwa kusuasua hata kila kitu kikiteremshwa chini kabisa. Lakini Age of Empires II huchora picha bapa, na kwa mchezo huo haikupitwa na mashine yoyote chumbani.

Hapa nieleze jambo ambalo wengi wanaotafuta njia za kuchezea kwenye Mac hawaelezwi. Katika mchezo wa mkakati wa aina hii mtandao haubebi picha, wala haubebi majeshi. Mark Terrano na Paul Bettner, waliojenga upande wa mtandao wa Age of Empires, waliandika mwaka 2001 jinsi walivyowezesha wapiga mishale 1,500 kupigana kupitia modemu ya 28.8. Njia yao ilikuwa kwamba kila kompyuta iendeshe dunia nzima peke yake, na waya upitishe amri tu: kata mti ule, jenga ghala hapa, shambulia pale. Amri ikitolewa hutekelezwa zamu mbili mbele, na zamu ni takriban milisekunde 200, ili ifike kwa wote kwanza. Ni kama watu wawili walio mbali wanaocheza bao kwa simu, kila mmoja na ubao wake, wakitajiana mashimo. Mmoja akikosea kete moja tu, mbao mbili hazifanani tena na mchezo umekufa.

Kutokana na hapo kuna mambo mawili yanayoamua kila kitu kwa mtu wa Mac. La kwanza, hesabu za mashine yako lazima zilingane na za wenzako hadi tarakimu ya mwisho, hata zile za kubahatisha. La pili, mwendo wa mchezo hufuata mashine iliyo dhaifu kuliko zote. Ukiwa mzito, unawavuta wote.

Hili la pili tuliliona kwa macho. Kulikuwa na njia nyingine wakati huo, Parallels Desktop, iliyotoka Juni 2006. Hiyo huendesha Windows ndani ya dirisha, juu ya Mac, bila kuzima na kuwasha. Kwa kazi za ofisi ni raha tupu. Ila laptopu yangu ilikuwa na RAM ya GB 1, na mifumo miwili ikigawana kumbukumbu ndogo hivyo, kila mmoja hushinda na njaa. Nilipoingia nayo mezani, wanakijiji wa mtu wa kona ya mbali, aliyekuwa kwenye mashine nzuri ya Kaka, walianza kutembea kama wamefungwa mawe miguuni.

“Nani anatuvuta?”

“Ile nyeupe!”

“Kaka, mwambie aingie na Windows kamili!”

Kwa hiyo Boot Camp ikawa sheria. Ilikuwa ni kuwasha upya kila mara, kuiacha kazi ya chuo upande wa pili, lakini ilikuwa Windows halisi juu ya Intel halisi, na hapakuwa na hesabu ya kutofautiana. Mpaka leo naamini hakuna njia iliyowahi kuishinda kwa michezo hii.

Umeme ulikuwa na tabia yake. Ramadhani ya 2008, iliyoanza mwanzoni mwa Septemba, tulikuwa tukicheza baada ya tarawehe hadi karibu na daku, na kachiri za muhogo na ukwaju baridi pembeni. Umeme ulipokatika, mashine zote za mezani zilizimika kwa pamoja, swichi nayo. Laptopu yangu iliendelea kwa betri. Kioo chake kilibaki kinawaka katikati ya giza, na juu yake maandishi yaliniarifu kwamba wachezaji wote wameondoka. Nilikuwa na soko, misikiti, mashamba, ngamia wa vita, na hakuna binadamu aliyebaki katika dunia ile. Vijana walikuja kunizunguka waone, wakaanza kutembeza kipanya kwenye miji yao wenyewe, ambayo sasa ilikuwa ya bure. Tuliongea usiku ule hadi daku kuliko usiku wowote tuliocheza.

Ni katika mazungumzo kama yale ndipo ramani ya Mombasa ilipozaliwa. Age of Empires II ina kihariri cha kuchorea ramani na kuandika matukio, na laptopu ilikuwa mashine pekee ambayo mtu angeweza kwenda nayo nyumbani kuendelea na kazi. Tulichora kisiwa: mkono wa bahari wa Tudor upande mmoja, Kilindini upande wa pili, Nyali ng’ambo ya bandari ya kale, Likoni kusini. Faili ilikaa kwenye ile sehemu ya FAT32, nikaihifadhi upande wa Mac, nikaipeleka saiba kwa flashi. Tulibishana tuiweke wapi ngome. Mwalimu mstaafu aliyekuwa barazani na kahawa yake alitusikia, akaingia.

“Mnajenga mwaka gani?”

Tukamwambia tunataka vita vya Wareno.

“Basi iondoeni Ngome ya Yesu. Hiyo ilianza kujengwa 1593. Francisco de Almeida alikuja 1505. Julai ameipiga Kilwa, Agosti ameichoma Mombasa. Hamkuwa na ngome ya kujifichia. Mlikuwa na mitaa myembamba na mapaa ya nyumba.”

Tuliiondoa. Tukajaza mitaa myembamba, wapiga mishale wakawekwa mahali palipowafaa. Taifa la Waswahili halikuwamo kwenye mchezo, tukawapa watu wa Mombasa utaifa wa Saracens. Wareno nao hawakuwamo, na nafasi yao ikashikwa na Wahispania, walioletwa na nyongeza ya The Conquerors ya mwaka 2000. Tuliocheza upande wa mji mara nyingi tulishindwa, na mwalimu alisema huo ndio ukweli wa kisa, ila alirudi jioni nyingi kuangalia kama tutashinda.

Nyaya za baharini zilipofika mwaka 2009 chumba hakikufungwa mara moja. Watu walipungua kidogo kidogo. Mmoja akapata modemu ya kuchomeka, mwingine akahamia Nairobi, wawili wakaenda Muscat, mmoja Doha. Kaka aliuza mashine za mezani moja moja, akabakiza ya kupigia chapa. Kuanzia hapo tulikutana kwa jina la skrini.

Age of Empires II ilirudi kama toleo la HD mwaka 2013, kwa Windows pekee. Nilikuwa na Mac mpya zaidi, na Boot Camp ikaendelea kunifikisha, sasa na Windows 7. Novemba 2015 ikatoka nyongeza ya The African Kingdoms. Tuliisubiri kwa hamu kubwa: Wahabeshi, Wamali, Waberber. Taifa la nne lilikuwa Wareno, na kampeni yao ni ya Francisco de Almeida. Mojawapo ya hatua zake imewekwa pwani ya Afrika Mashariki, na mchezaji ndiye Almeida.

Niliicheza mara moja, na moyo haukukubali. Sina neno na anayesimulia historia kutoka upande wa meli. Kila upande una kisa. Ila kijana wa Kibokoni afunguapo mchezo wenye pwani yake, akute nafasi aliyopewa ni ya kuishambulia, na Waswahili hawamo miongoni mwa mataifa ya kuchagua, hilo ni pengo na linastahili kutajwa kwa jina lake. Tulifanya tulichoweza. Faili yetu ya zamani ilifunguka kwenye HD; tuliwatoa Wahispania, tukaweka Wareno halisi, mji tukauacha mikononi mwa Saracens. Mchezaji wa Muscat, wa Doha, wa Nairobi na mimi wa Mombasa tuliulinda usiku mmoja wa Ijumaa, na safari hiyo haukuchomwa.

Yaliyofuata nayapitia haraka, kwa sababu ni mambo ya mashine zaidi kuliko ya watu. Oktoba 2019 Apple ilitoa macOS Catalina, ambayo haiendeshi programu za biti 32, na michezo ya zamani karibu yote ni ya biti 32. Sikuipandisha Mac yangu. Novemba 2019 ikatoka Age of Empires II: Definitive Edition, tena ya Windows. Mwaka mmoja baadaye zikaja Mac za M1, zenye vichakataji vya Apple yenyewe, na kwenye hizo Boot Camp haipo.

Hapo ndipo nilipoijua vizuri Wine, kazi ya kujitolea iliyoanza mwaka 1993. Wine haina Windows ndani yake. Inasikiliza maombi ya programu ya Windows na kuyatimiza kwa njia za mfumo uliopo. CodeWeavers, ambao ni miongoni mwa wanaoijenga, huuza CrossOver iliyotokana nayo. Ya Mac ilitoka Januari 2007, na Desemba 2019 walipata njia ya kuendesha michezo ya biti 32 hata juu ya Catalina. Kwenye Mac za leo mchezo hupita mikono mitatu: Rosetta 2 hugeuza maagizo ya Intel, Wine hugeuza maombi ya Windows, na safu nyingine hugeuza picha za DirectX ziwe za Metal. Juni 2023 Apple yenyewe ilitoa zana zake za kuhamishia michezo, zikiwa zimejengwa juu ya msimbo wa CrossOver. Watu walioanza kazi hii bila kulipwa ndio walioweka msingi wake.

Na ile kanuni ya kulingana hesabu ilirudi. Waliocheza Definitive Edition kupitia Wine waliona mchezo wa peke yako unakwenda vizuri, lakini wakiwa wengi dunia zinaachana katikati ya vita. Sababu ilikuwa faili moja ya hesabu, ucrtbase.dll: ya Wine ilikokotoa tofauti kidogo na ya Microsoft. Kuweka ile ya Microsoft mahali pake kulimaliza tatizo. Nilipoisoma habari hiyo niliwaandikia wenzangu wote walio mbali, maana sasa hata mwenye M1 angeweza kurudi mezani.

Anayeniuliza leo anunue nini ili acheze, humjibu hivi: kama mchezo ni wa watu wengi, kwanza waulize utakaocheza nao wanatumia nini, kisha ujaribu CrossOver katika kipindi chake cha majaribio kabla ya kulipa. Njia za kukodi kompyuta kupitia intaneti zipo pia, ila zinataka laini imara na seva isiyo mbali sana, na hapa pwani si kila mtaa unavyo vyote viwili. Na kama una Mac ya Intel yenye Boot Camp, usiiuze kwa bei ya chuma chakavu. Badilisha betri, nakili diski yake yote, uiweke. Apple imekwisha kutangaza kwamba Rosetta 2 itakuwapo kamili hadi macOS 27. Baada ya hapo itabaki sehemu yake tu, kwa ajili ya michezo ya zamani isiyotunzwa tena na walioitengeneza.